Pasi na daraja

Ilikuwa dakika ya sabini hivi. Golikipa wa timu ya wanajeshi aliubutua mpira ukaruka juu ya vichwa vya watu wote, ukaangukia kwenye mkonge na kupotea. Mechi ikasimama. Watoto watatu wakatumwa kuutafuta.

Tulikuwa Taveta, upande wa Kenya, kwenye bonanza la mwisho wa mwaka, kiwanja cha vumbi kilichopakana na shamba. Nilikuwa nimekaa benchi moja na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kila nikivuka mpaka kutoka Holili, upande wa Tanzania, kumwamkia lazima anipeleke mahali penye mpira.

Nikasema bila kufikiri sana: "Hiyo ndiyo shida ya timu za majeshi, mjomba. Pumzi wanazo, ubavu wanao. Pasi hawana."

Mjomba alitumikia jeshi la Kenya upande wa uhandisi. Kazi yake ilikuwa madaraja. Alistaafu akiwa sajenti. Si mtu wa kubishana, na tangu nikiwa mdogo sijapata kumsikia akipandisha sauti. Aliendelea kutazama ule mkonge, akasema polepole:

"Mpwa wangu, pasi ilitoka jeshini."

Mpira ukapatikana, mechi ikaendelea, wanajeshi wakashinda mbili bila. Magoli yote mawili yalikuwa ya kichwa kutokana na mipira mirefu. Sikumjibu mjomba. Nilidhani anawatetea wenzake tu.

Lakini maneno yale nilivuka nayo mpaka, nikalala nayo, nikaamka nayo. Wiki tano.

## "Toa pasi!"

Kuna sababu yalinikaa.

Kila Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha timu ya watoto wa shule ya msingi, wavulana na wasichana pamoja. Neno ninalolitamka kuliko yote ni hilo: toa pasi. Nimelipiga kelele miaka sita. Mtoto akipata mpira anainamisha kichwa, anaukokota, anampiga chenga wa kwanza na wa pili, wa tatu anamnyang'anya. Pembeni yake mwenzake amesimama peke yake, mikono juu, anaita hadi sauti inakauka.

Miaka yote sita nimedhani tatizo ni uchoyo, kwamba mtoto ana tamaa ya goli na nikimkemea vya kutosha itamtoka.

Halafu mjomba anasema pasi ilitoka mahali. Kwamba kulikuwa na siku ambapo haikuwepo. Hilo sikuwa nimewahi kuliwaza. Kwangu pasi ilikuwa kama maji mtoni, ipo tangu mpira upo. Sisi tuliolelewa na redio tumesikia mtangazaji akisema "wanagongeana, wanagongeana" kabla hatujajua kusoma. Watu wa Msimbazi, mashabiki wa Simba, walipoanza kuuita mpira wao biriani, hakuna aliyeuliza mchele wa kwanza ulipikwa wapi.

Nikaanza kusoma usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

## Luteni aliyevunjika mtulinga

Mjomba hakuwa anajitetea.

Tarehe 16 Machi 1872, kwenye kiwanja cha kriketi cha Kennington Oval mjini London, ilichezwa fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la FA. Timu zilizoingia mashindano yale hazikuzidi 15. Watazamaji walikuwa kama 2,000, na kila mmoja alilipa shilingi moja. Upande mmoja walikuwa Wanderers, vijana waliotoka shule za kitajiri. Upande wa pili walikuwa Royal Engineers, maofisa wa jeshi la uhandisi kutoka kambi ya Chatham, Kent, wakiongozwa na Kapteni Francis Marindin, ambaye mwenyewe alicheza nyuma.

Waliopewa nafasi ya kushinda ni wanajeshi.

Mpira wa siku zile ukiuona leo hutaujua. Juu ya goli hakuna mtambaa panya, ni utepe tu umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Timu zikibadilishana upande kila goli linapoingia. Wachezaji saba au wanane wanajazana mbele, na kazi yao ni moja: anayepata mpira anaukokota mpaka anyang'anywe. Wanderers walikuwa na kijana mmoja, Walpole Vidal, aliyesifika kwa chenga hadi wakampa jina la mwana wa mfalme wa kukokota mpira.

Dakika kumi hazijaisha vizuri, Luteni Edmund Creswell wa Engineers akavunjika mtulinga. Wachezaji wa akiba hawakuwepo. Hakutoka. Alisogea pembeni, akacheza mechi yote iliyobaki akiwa na mfupa uliovunjika.

Muda mfupi baadaye Vidal akaukokota mpira umbali mrefu, ukamfikia Morton Betts, Betts akafunga. Betts alikuwa amejiandikisha kwa jina la bandia, A. H. Chequer. Moja bila. Matokeo yakabaki hivyo hadi mwisho.

Nilisoma habari ile mara tatu. Kilichonishika ni Creswell. Kabla ya fainali ile, magazeti ya mwanzoni mwa miaka ya 1870 yalikuwa yameshamtaja kwa jambo jingine: aliupandisha mpira pembeni, kisha badala ya kwenda nao golini mwenyewe, akaupiga katikati kwa mwenzake, mwenzake akafunga.

Sisi hiyo tunaiita krosi. Mwandishi wa gazeti wa wakati ule ilimbidi aieleze hatua kwa hatua, kwa sababu msomaji wake hakuwa na jina la kuiita.

## Kanuni ilipofungua mlango

Hapa nakiri nilitaka hadithi iwe nyepesi: wanajeshi walifikiri, wakavumbua, basi. Sivyo ilivyokuwa.

Chama cha soka cha Uingereza kilipoandika sheria zake mwaka 1863, aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa ameotea. Yeyote. Hata kama mabeki kumi wamesimama kati yake na goli. Fikiria maana yake: huna wa kumpasia mbele. Pasi halali ni ya nyuma au ya pembeni tu. Katika mchezo kama huo, anayekokota mpira si mchoyo. Anatii sheria.

Mwaka 1866 kanuni ikabadilishwa. Mchezaji akaruhusiwa kuwa mbele ya mpira mradi pawepo wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Ghafla mbele pakawa na watu halali wa kupokea.

Lakini watu hawakubadilika kwa sababu karatasi imebadilika. Miaka ikapita na timu nyingi zikaendelea kukokota vilevile. Zilichoongeza ni kitu kimoja: anayekokota akinyang'anywa, wenzake wawe nyuma yake karibu wauokote mpira uliochomoka. Charles Alcock, nahodha wa Wanderers na ndiye aliyetoa wazo la Kombe la FA, aliihimiza sana desturi hiyo ya kufuatia.

Kufuatia si pasi. Nilichukua siku kadhaa kuona tofauti, na nilipoiona nilijiona mjinga kwa yote niliyokuwa nikiwafokea wale watoto.

Katika kufuatia, mimi nakimbia na mpira hadi nishindwe, na wewe unaokota kushindwa kwangu. Katika pasi, nauachia mpira nikiwa bado ninao na bado ninaweza. Naupeleka mahali ambapo wewe hujafika. Nautuma mbele ya miguu yako kwa imani kwamba utafika.

Mtoto wa miaka kumi na moja ana sababu gani ya kuamini hivyo? Mwenzake jana alichelewa. Juzi aliukanyaga mpira ukatoka. Mtoto yule anayekumbatia mpira hana tamaa tu. Ana ushahidi.

## Kwa nini wao?

Swali likawa: kati ya timu zote, kwa nini maofisa wa uhandisi?

Nimekuja na jawabu langu, na ni langu, msomaji apime mwenyewe.

Afisa wa Royal Engineers alikuwa anasomea kwanza Woolwich, kisha anapelekwa Chatham kwenye chuo cha uhandisi wa kijeshi kwa miaka miwili hivi. Hapo alifundishwa kupima ardhi, kuchimba mahandaki, kutegua na kutega baruti, kutandika waya wa simu ya maandishi, na kujenga madaraja ya mashua juu ya mto Medway. Akishaiva, anaondoka. India, Gibraltar, popote bendera yao ilipopepea.

Kwa hiyo kikosi hakikukaa. Leo una winga mzuri, kesho ana barua ya uhamisho. Alfred Goodwyn, aliyecheza fainali ile ya 1872, alifariki Roorkee, India, Machi 1874, akiwa na umri wa miaka 24. Miaka miwili tu tangu siku ile ya Oval. Timu inayomtegemea mtu mmoja mwenye chenga isingedumu msimu mmoja pale Chatham. Ilibidi uwepo mtindo ambao mgeni akija anauingia, kama anavyoingia kwenye zamu ya kujenga daraja.

Na daraja lenyewe. Hapa namrudia mjomba, kwa sababu niliwahi kumsikia akieleza kazi yake kabla sijajua ina uhusiano na mpira. Kipande kimoja cha daraja la Bailey, lile la vyuma linalofungwa kwa pini, kina uzito wa zaidi ya kilo 250 na hubebwa na watu sita. Alisema anayeangalia mikono yake mwenyewe ndiye anayewaumiza wenzake. Unaangalia wa mbele anapokanyaga. Unasikiliza sauti. Unajua kipande chako kitapokelewa na mtu ambaye ameshasimama mahali pake, kwa sababu ndivyo mlivyofanya mara mia.

Daraja la Bailey lilikuja baadaye sana, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lakini mashua za Medway nazo hazikujipanga zenyewe. Moja inafungwa kwa nyingine, mbao inapita mkono hadi mkono, na mto haungoji.

Wale vijana walikaa pamoja, walikula pamoja, walifanya mazoezi pamoja. Wanderers walikutana siku ya mechi, kila mmoja akitoka kwake. Tofauti hiyo mwalimu yeyote wa timu ya mtaani anaijua mwilini mwake.

Engineers walifika fainali tena 1874 wakafungwa mbili bila na Oxford University. Mwaka 1875 wakarudi, wakatoka sare ya moja kwa moja na Old Etonians, na kwenye marudiano wakashinda mbili bila. Kombe likaenda Chatham. Mwaka 1878 wakafika fainali ya nne, wakafungwa tatu kwa moja na wale wale Wanderers.

Fainali nne ndani ya miaka saba, kwa kikosi ambacho kila mwaka kilikuwa kinamegwa na uhamisho.

## Waskoti, na kumbukumbu ya mzee

Wiki ya tatu nikaingiwa na wasiwasi.

Anayewapa Engineers heshima ya kuanzisha mchezo wa kushirikiana, na anayenukuliwa kuliko wote, ni Frederick Wall, aliyekuwa katibu wa chama cha soka cha Uingereza kuanzia 1895 hadi 1934. Aliandika kumbukumbu zake akiwa mzee, miaka ya 1930. Mwaka 1872 alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne. Nina wazee nyumbani. Nawaheshimu. Najua pia kumbukumbu ya miaka sitini inavyochagua.

Na wapo wadai wengine. Sheffield walikuwa na klabu tangu 1857 na sheria zao wenyewe, zilizolegea zaidi juu ya kuotea. Na wapo Waskoti wa Queen's Park, klabu ya Glasgow iliyoanzishwa 1867, na hawa dai lao ni zito.

Machi 1872, siku chache kabla ya fainali ile, Queen's Park walisafiri hadi London kucheza nusu fainali na Wanderers. Wakatoka sare bila kufungana. Marudiano hawakuyacheza, nauli na gharama za kukaa London ziliwashinda, wakajitoa. Novemba 30 mwaka huohuo, Skotlandi na Uingereza walicheza Glasgow mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa, na Waskoti wote kumi na moja walitoka Queen's Park. Walikuwa wepesi kwa mwili kuliko Waingereza. Wangegombana bega kwa bega wangevunjwa. Wakapasiana, wakiwa wawili wawili. Ikaisha bila goli.

Aliye mdogo hupasi ili asiumizwe. Sababu hiyo nayo naijua. Wasichana wangu wawili wa darasa la tano hawajawahi kungoja nipige kelele. Wanaachia mpira mapema kwa sababu wakichelewa wanagongwa.

Kwa siku kadhaa niliona kwamba dai la mjomba limeanguka. Kisha nikakuta jina moja lililonituliza: Henry Renny-Tailyour. Alizaliwa India, alikuwa Mskoti kwa asili, na alikuwa Luteni wa Royal Engineers. Alicheza fainali ile ya 1872. Machi 8, 1873, Skotlandi walipocheza na Uingereza pale Oval, ni yeye aliyefunga goli la kwanza katika historia ya timu ya taifa ya Skotlandi. Na kwenye timu ya Uingereza siku hiyo, akimzuia, alikuwa Goodwyn, mwenzake wa kambi moja, yule aliyekufa mwaka uliofuata. Uingereza walishinda nne kwa mbili.

Sikutaka tena kujua nani alikuwa wa kwanza. Mtu mmoja aliyejifunza kupasi Chatham anavaa jezi ya watu waliojifunza kupasi Glasgow. Desemba 1873 Engineers wakafunga safari kwenda kucheza Sheffield, Derby na Nottingham, wakati ambapo timu za kusini hazikuwa na desturi ya safari kama hizo. Walibeba mchezo wao wakauonyesha, na bila shaka wakaona wa wenyeji.

Ningeweza kuishia hapo. Ningemwandikia mjomba ujumbe: umesema kweli, kwa sehemu kubwa.

## Mstari

Nilichokuta wiki ya nne sikuwa nakitafuta.

Nilikuwa nasoma orodha ya vijana waliopita Chatham miaka ile. Nilitaka majina ya wachezaji. Nikakuta la Herbert Kitchener. Alipata cheo chake Royal Engineers Januari 1871, akasoma Chatham hadi 1873. Sijamwona kwenye timu. Lakini alikuwa pale, kambi ile ile, mto ule ule, wakati Creswell anapiga krosi zake.

Mwaka 1885 Kitchener huyo alitumwa Zanzibar. Alikuwa mjumbe wa Uingereza kwenye tume ya mataifa matatu, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, iliyopita pwani kuamua eneo la Sultani linaishia wapi. Wakampa ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakubaliana juu ya mstari: uanzie mlangoni mwa mto Umba, uende hadi ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi ziwa Victoria.

Ziwa Jipe liko chini ya milima ninayoiona nikifua nguo.

Desemba 1891, Kapteni James Macdonald wa Royal Engineers aliongoza msafara wa kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, wabebaji Waswahili wakiwa na mizigo kichwani. Na kati ya 1904 na 1906, afisa mwingine wa kikosi hicho hicho, G. E. Smith, alipima mpaka wenyewe ardhini kwa upande wa Waingereza, kutoka Victoria hadi Kilimanjaro. Nguzo na mawe yakasimikwa.

Moja ya kauli mbiu za Royal Engineers ni neno la Kilatini, Ubique. Maana yake ni kila mahali.

Nilifunga kompyuta.

Mama yangu alizaliwa Taveta, akaolewa Holili. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Nikiwa mdogo tulipita njia ya kichakani kwenda kwa bibi, na mama alikuwa anatunyamazisha tukikaribia sehemu fulani. Siku bibi alipofariki, tulicheleweshwa kizuizini hadi saa nane mchana kwa ajili ya karatasi ya mdogo wangu iliyokosa muhuri. Tulifika kaburi likifukiwa. Mama hakulizungumzia tena, lakini tangu siku hiyo hapendi kufika pale geti likiwa na foleni.

Sasa pana kituo cha pamoja, mambo yamekuwa rahisi. Bado afisa anauliza swali lile lile kwa neno lile lile: "Pasi yako?"

Neno hilo hilo. Nimelitumia miaka yote sita uwanjani na miaka yote mpakani, na sikuwahi kuyasikia yakiwa pamoja.

Lazima niseme kwa haki: Creswell hakupima mpaka wetu. Renny-Tailyour aliacha jeshi akaenda kuongoza kiwanda cha bia cha Guinness. Marindin akawa rais wa chama cha soka kuanzia 1874 hadi 1890 na mkaguzi wa reli za kwao. Wachezaji wale wa 1872 na wapimaji wa nchi yetu si watu walewale. Nimejirudia hilo mara nyingi.

Lakini ni darasa moja. Jicho linalokadiria mwenzako atakuwa wapi baada ya sekunde tatu, na jicho linalokadiria mstari utapita wapi kabla hujaufikia, vilinolewa kwenye nyasi zile zile za Chatham. Wale walioelewana uwanjani bila kusemezana walifika huku wakaelewana wao kwa wao. Sisi tulikuwa uwanja.

Siku tatu sikwenda mazoezini. Nikawaambia watoto naumwa. Sikutaka kutamka lile neno.

## Nyota mabegani

Jumamosi nikavuka. Foleni ilikuwa fupi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

Alikuwa uani, ananoa jembe. Nikakaa kwenye kigoda nikamsimulia yote, kuanzia utepe wa goli hadi ziwa Jipe. Alisikiliza bila kuacha kunoa. Nilipofika kwa Creswell na mtulinga wake, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayemjua. Nilipofika kwenye mpaka, hakushtuka hata kidogo.

"Hayo ya mpaka nilijua," akasema. "Walitufundisha. Mawe yale tunaambiwa tuyatunze."

"Na hukuniambia?"

"Uliniambia hatuna pasi. Nikakujibu la pasi."

Kisha akaomba nimsomee kikosi. Nikafungua simu nikasoma kumi na moja wa 1872 nikiwa nimetanguliza vyeo: Kapteni Merriman golini, Kapteni Marindin, Luteni Addison, Luteni Creswell, Luteni Mitchell, Luteni Renny-Tailyour, Luteni Rich, Luteni Goodwyn, Luteni Muirhead, Luteni Cotter, Luteni Bogle.

Jembe likanyamaza.

"Wote wana nyota?"

"Wote, mjomba."

"Sajenti hakuna? Koplo?"

Nikaangalia tena, ingawa nilijua. Nilikuwa nimeyasoma majina yale wiki tano. Nimeyahesabu, nimetafuta waliozaliwa wapi na waliofia wapi, na swali hilo halikunipitia. Chatham ilijaa askari wa kawaida, waliofunga zile mashua na kuingia majini hadi kifuani. Timu iliyocheza fainali ilikuwa ya waliosimama ukingoni na kutoa amri.

"Hakuna," nikasema.

Mjomba alilitazama jembe, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Mimi daraja la kuvukia nalijua," akasema. "Na daraja la watu nalijua. Luteni mzuri nimewaona, wengine ningewafuata popote. Lakini kile kipande cha chuma, mpwa wangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukishika upande wa pili. Kama hao walijifunza kupokezana kwa kutazama daraja likijengwa, basi kuna waliokuwa wanalijenga."

"Majina yao sina."

"Najua huna."

Tukanyamaza. Nje kwenye kichochoro watoto wa jirani walikuwa wanapigia mpira wa makaratasi ukuta wa choo. Nikamuuliza kama niandike au niache. Nilimwambia sina uhakika tena nampongeza nani.

"Andika," akasema, akiinuka kwa kushikilia mpini. "Andika Creswell alibaki uwanjani, maana alibaki. Andika la mawe. Halafu andika kwamba nilikuuliza."